Salongo, Sindano Sita na Mimba Iliyokosa Mwenyewe

Benchi la chumba chetu cha uzazi wa mpango hukaliwa na wanawake. Kwa miaka kumi na mmoja ambayo nimefanya ukunga hapa Malaba, upande wa Uganda, wanaume waliowahi kulikalia bila kumsindikiza mtu hawazidi vidole vya mkono mmoja. Mmoja wao ni huyu nitakayemwita Salongo, kwa sababu ni baba wa mapacha na ndivyo majirani wanavyomwita. Mkewe ni Nalongo. Wote wawili wameniruhusu niandike kisa chao, na mambo machache nimeyageuza ili wasitambulike.

Alikuja saa nne asubuhi, siku ya kliniki. Akaketi kati ya mama aliyekuwa ananyonyesha na binti wa miaka ishirini hivi, kofia mapajani, akasubiri zamu kama wenzake. Alipoingia alifunga mlango mwenyewe, akabaki amesimama.

"Sista, mke wangu amechoka. Hiyo sindano nipe mimi."

Nilimjibu kwa dakika mbili. Nikamwambia kondomu zipo, kufunga uzazi kwa mwanamume kunafanywa hospitali kubwa, na sindano ya wanaume haipo. Nje kulikuwa na foleni. Akashukuru, akavaa kofia, akaenda. Dakika mbili hizo nimezirudia kichwani mara nyingi mno, maana mlango wa yote yaliyofuata niliufungua mimi pale nilipomwacha atoke bila maelezo.

Nalongo nilikuwa namfahamu vizuri zaidi. Ana miaka 34, anauza mivumba, yaani mitumba, sokoni, amezaa mara nne na ana watoto watano. Kadi yake inasomeka kama orodha ya kila kilichomo kabatini mwetu. Alianza na vidonge, presha ikapanda hadi 150 kwa 100, tukavisimamisha. Akaenda kwenye sindano ya miezi mitatu, akapata matone ya damu yasiyokatika na kichwa kinachogonga. Tukamwekea vijiti mkononi. Miezi minane akawa anatoka damu wiki mbili kwa mwezi, na kwa mwanamke anayeswali hilo si jambo dogo. Kitanzi cha shaba, ambacho hakina homoni na kwa mtu wa presha ndicho cha kwanza kufikiriwa, kilimwongezea hedhi mpaka akapungukiwa damu, kipimo kikashuka hadi gramu 8. Alipokitoa aliniambia kwa sauti ya chini, "Sista, mwili wangu umekuwa uwanja wa majaribio."

Mumewe alikuwepo siku ile, nje, kwenye boda. Ni dereva wa trela. Hubeba mizigo kutoka Mombasa, akavuka hapa kwenda Kampala, safari nyingine mpaka Elegu, mpakani na Sudan Kusini, na kuingia Juba. Nyumbani huwa siku nne, tano, kisha barabara inamchukua tena kwa majuma mawili. Watu wa namna yake tunawasema vibaya sana katika semina zetu, kana kwamba kila dereva ni mtu wa kulaumiwa tu. Huyu alikuwa amekaa nje anahesabu siku ambazo mkewe ametoka damu.

Kondomu walizitumia, lakini kwa vipindi. Kumwaga nje walikujaribu, na mtoto wa nne alipatikana hivyo. Kufunga uzazi alikukataa wakati ule kwa sababu aliyoieleza waziwazi. Watoto watano walimtosha, lakini hakutaka kufunga mlango ambao hajui kama utafunguka tena. Kaka yake alifiwa na wanawe wawili katika ajali moja. Sababu kama hiyo siiti ujinga.

Nilipomwambia sindano ya wanaume haipo, nilikosea nusu. Madukani haipo, lakini kwenye utafiti ipo, na ipo tangu zamani. Shirika la Afya Duniani lilichapisha mwaka 1990 matokeo ya wanaume 271 kutoka nchi saba waliokuwa wakichomwa testosteroni, homoni ya kiume, miligramu 200 kila wiki. Waliofika kiwango cha mbegu sifuri na kuingia hatua ya pili, ya kuitegemea sindano peke yake, walikuwa 157. Katika mwaka mzima ilipatikana mimba moja. Kwa hiyo jambo lenyewe linawezekana. Salongo hakulisikia kwangu, alilisikia Mombasa, kwenye uegesho wa malori, kwa dereva mwenzake, kijana anayenyanyua vyuma. "Sindano hizi za misuli zinaua mbegu," yule kijana alimwambia. "Mimi mwenyewe daktari aliniambia sina kitu."

Na yule kijana hakudanganya. Ndiyo maana kisa hiki kinaniuma. Habari ilikuwa ya kweli, ila ilikuwa imekatwa mkia.

Tarehe 3 Machi alijichoma ya kwanza, paja la kulia, ndani ya kabini ya trela. Kichupa alikuja kunionyesha baadaye, kidogo kama kidole gumba, kioevu cha mafuta chenye rangi ya alizeti, lebo ikidai miligramu 250. Aliambiwa achome kimoja kila baada ya wiki mbili. Wiki ileile wakaacha kondomu. Nalongo alifurahi, aliniambia, si kwa sababu ya kondomu bali kwa sababu kwa mara ya kwanza katika ndoa yao dawa ilikuwa imeingia mwili mwingine.

Hedhi yake ya mwisho ilianza tarehe 2 Aprili.

Mwanzoni mwa Juni walikuja wote wawili, na benchi hawakulikalia. Walisimama mbalimbali ukutani kama watu wasiojuana. Kipimo cha mkojo kilikuwa na mistari miwili, presha 148 kwa 96. Salongo alisubiri niandike, kisha akauliza swali ambalo sikuwahi kuulizwa chumbani humo: "Mimi nimechoma sindano sita. Hii mimba ni ya nani?"

Nalongo hakulia. Alitazama dirishani. Mama mkwe alikwisha kumwambia afunge virago mpaka DNA ifanywe. Anayeishi Uganda anajua uzito wa neno hilo. Tangu 2023 habari za wanaume wanaopima ubaba zimejaa redioni na misikitini na makanisani, na kila nyumba imepata wasiwasi wake.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa kuwa ndipo moyo wa kisa ulipo. Mwanamke akishika mimba akiwa kwenye vijiti, tunasema vijiti vimefeli. Nimeona mara mbili tatu, na hakuna mume aliyedai kitu. Mwanamume akiwa ndiye mwenye dawa na mimba ikaingia, anayeshukiwa si dawa, ni mke. Kwa hiyo dawa ya mwanamume isiyo na kipimo inamtoa mwanamke kwenye damu na presha, halafu inamweka kizimbani. Katika semina zote nilizohudhuria kuhusu kuwashirikisha wanaume katika uzazi wa mpango, jambo hili sijawahi kulisikia likitajwa.

Nilichukua karatasi. Nikaandika tarehe za sindano upande mmoja, tarehe alizokuwa nyumbani upande mwingine, na hedhi ya mkewe katikati. Alikuwa Malaba kuanzia tarehe 14 hadi 18 Aprili. Mimba ilikuwa na takriban wiki tisa kuhesabu kutoka hedhi, maana yake iliingia katikati ya Aprili. Siku hizo sindano ya kwanza ilikuwa na wiki sita tu.

Kisha nikamweleza kwa lugha ya kazi yake. Korodani hufanya kazi kwa amri. Chini ya ubongo kuna tezi ndogo, pituitari, inayotuma homoni mbili. Moja inaziambia korodani zitengeneze testosteroni, nyingine inasukuma utengenezaji wa mbegu. Ubongo hupima testosteroni iliyomo kwenye damu. Ikiwa nyingi, kama inavyokuwa baada ya sindano, ubongo hudhani kazi imezidi na kuzuia amri zote mbili. Korodani zinalala. Kwenye damu testosteroni bado ipo, ile ya sindano, kwa hiyo hamu na nguvu hazipotei. Lakini ndani ya korodani kwenyewe, ambako mbegu huhitaji testosteroni nyingi mno kuliko iliyo kwenye damu, inakauka. Bila hiyo mbegu haziivi.

"Basi zilikauka," akasema.

"Salongo, mbegu moja huchukua siku sabini na zaidi kutengenezwa. Leo wakifunga geti la Malaba, trela zilizokwisha kuvuka zinasimama?"

Alikaa kimya. Halafu akasema, "Zinaendelea mpaka Kampala."

"Zako zilikuwa zimevuka."

Nilimweleza pia kuwa kiasi chake hakikuwa cha utafiti. Wale walichomwa kila wiki, yeye kila baada ya wiki mbili, na tena kwa dawa ambayo hakuna aliyeipima kama lebo inasema kweli. Hata kwa ile ya kila wiki, kundi zima halikufika sifuri. Ndiyo maana watafiti wa siku hizi huchanganya testosteroni na projestini, jamii ileile ya homoni iliyo kwenye sindano ya wanawake, ili amri ya ubongo ikatwe kwa haraka na kwa ukamilifu zaidi. Na hakuna utafiti wowote ambao mwanamume huambiwa aache kondomu kwa sababu tu amechomwa. Huambiwa aache siku mbegu zake zitakapohesabiwa na kuonekana hazizidi milioni moja kwa mililita.

Hajawahi kuhesabiwa. Huo ndio mkia uliokatwa.

Kumpima ilikuwa kazi kuliko nilivyotarajia. Kituo chetu kina darubini, tunaitumia kwa malaria na kifua kikuu kila siku ya Mungu. Lakini chemba ya kuhesabia mbegu haipo, na mahali pa kutolea manii hapapo. Choo ni kimoja, kina foleni, na komeo lake ni msumari uliopindwa. Salongo ni Mwislamu. Aliuliza kwa heshima kama kuna namna ya kupata manii bila kujichua. Nikamwambia ipo, nyumbani, pamoja na mkewe, kwa kichupa safi, bila kondomu ya kawaida kwa sababu vilainishi vyake huharibu mbegu, na afike maabara ndani ya saa moja, kichupa kikiwa na joto la mwili. Hapo nilitambua nimewapa watu wawili ambao hawazungumzi kazi ya kufanya pamoja.

Sikuulizia walivyofanya. Siku ya Jumatatu alfajiri alipanda gari la Tororo, kichupa kimefungwa kitambaa na kubanwa kwapani, mkono umekaza kama mtu aliyevunjika. Maabara waliandika milioni 11 kwa mililita. Kiwango cha chini kinachohesabiwa cha kawaida ni milioni 16. Alikuwa ameshuka, ndiyo, sindano zilikuwa zimefanya kitu. Lakini milioni 11 bado inaweza kumpa mtu mimba, na hiyo ilikuwa Juni, baada ya sindano zote sita. Katikati ya Aprili, kwa uwezekano mkubwa, zilikuwa nyingi zaidi.

Nilimwambia ukweli kwamba namba hii si cheti cha ubaba. Inachosema ni kwamba sindano zake haziwezi kuwa ushahidi dhidi ya mkewe. Aliisoma ile karatasi mara kadhaa. Akaikunja, akaenda moja kwa moja kwa mama yake kabla ya kufika nyumbani. Nalongo ndiye aliyenisimulia hilo, na alilisimulia huku akitabasamu kwa mara ya kwanza tangu Mei. DNA haikutajwa tena.

Sindano tayari alikuwa ameziacha, baada ya chunusi kumjaa mgongoni na tanboi wake, yaani utingo wa trela, kulalamika kwamba bosi amekuwa mkali. Nilimpima wingi wa damu, kwa kuwa testosteroni huifanya damu iwe nzito, na dereva anayekaa kitini kwa muda wa saa kumi na mbili hahitaji damu nzito. Ilikuwa sawa. Mbegu hurudi kwa wengi ndani ya miezi kadhaa dawa ikisimama, na hilo nalo nilimwambia, kwa sababu kijana wa Mombasa hakumwambia lini zinarudi wala kwamba zinarudi.

Wakati wa mimba ile, ambayo niliisimamia kwa karibu na kwa metildopa, dawa ya presha, Salongo alinipigia simu kutoka barabarani mara nyingi. Nyingine ilikuwa kuulizia presha, nyingine kuulizia ile jeli ya Nairobi. Madereva wanajua kila kitu. Nairobi kweli ilikuwa kati ya miji iliyotangazwa kushiriki jaribio la jeli ya wanaume, lililoanza mwaka 2018 chini ya shirika la utafiti la Population Council na taasisi ya afya ya serikali ya Marekani, likiwa na wanandoa zaidi ya 400. Mwanamume hujipaka mabegani kila siku, miligramu 74 za testosteroni na 8 za projestini iitwayo Nestorone. Mwaka 2024 watafiti walieleza matokeo ya mwanzo. Kati ya wanaume 222 waliotumia kwa angalau wiki tatu, asilimia 86 walishuka hadi milioni moja au chini ya hapo kufikia wiki ya 15, na nusu yao walifika katika muda usiotimia wiki nane.

Nilimsomea namba hizo kwenye simu. Akauliza maswali ambayo sikuyategemea. Je, jasho la kabini halitaitoa? Je, akimbeba mtoto begani? Hilo la pili ni swali zuri kuliko mengi niliyowahi kuulizwa, maana testosteroni ya jeli huhamia kwa ngozi nyingine ikigusana nayo, na kwa mtoto au mke ina madhara. Lazima ikauke na ifunikwe na shati. Nikafikiria nyumba za chumba kimoja za hapa kwetu, watoto wakilala na baba kitandani siku anayorudi safari.

Mara nyingi husikia ikisemwa kwamba dawa hizi zimechelewa kwa kuwa wanaume hawavumilii. Mfano unaotolewa ni jaribio la Shirika la Afya Duniani la sindano mbili kila wiki nane, testosteroni na projestini, kwa wanaume 320, lililosimamishwa mwaka 2011. Magazeti yaliandika kwamba wanaume walilia chunusi. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2016 yalionyesha sura nyingine. Waliotoka kwa ajili ya madhara walikuwa 20, na zaidi ya robo tatu ya washiriki walisema wangependa kuitumia ikipatikana. Aliyesimamisha ni jopo la wasimamizi wa nje, baada ya taarifa za mabadiliko ya hisia na mengineyo, ilhali kamati ya usalama ya jaribio lenyewe ilikuwa imeona liendelee. Mimba zilikuwa nne. Sisemi jopo lilikosea. Mtu mmoja kati ya washiriki alijiua, na hata kama ilielezwa kwamba haikutokana na dawa, hakuna anayelipuuza jambo kama hilo. Nasema tu kwamba wanaume wenyewe hawakukimbia.

Katika vituo vya jaribio lile hakikuwepo hata kimoja cha Afrika. Nairobi ilipoingia kwenye la jeli, kwangu ilikuwa habari kubwa, kwa sababu tunajua tangu majaribio ya awali kwamba wanaume wa sehemu mbalimbali za dunia hawashuki mbegu sawasawa kwa testosteroni peke yake.

Kuna hesabu nyingine ambayo wanaopima hatari lazima waifanye upya. Dawa ya mwanamke hupimwa dhidi ya hatari ya mimba iliyo ndani ya mwili wake. Dawa ya mwanamume hupimwa dhidi ya kitu ambacho mwili wake hauna, kwa hiyo kila chunusi huonekana kubwa. Kwa Salongo na Nalongo mizani ni moja. Uganda ilihesabu vifo vya wazazi 336 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2016, na 189 katika ule wa 2022. Tumepiga hatua, lakini mwanamke wa presha anayebeba mimba ya tano bado yumo ndani ya hesabu hiyo. Mumewe alilijua hilo bila takwimu.

Alijifungua kwa upasuaji, wiki ya 36, presha imefika 170. Mtoto wa kike, kilo 2.3. Salongo alilala siku tatu kwenye mkeka nje ya wodi.

Februari alirudi kwangu, safari hii bila kusubiri nimweleze. Alitaka afungwe. Nilimuuliza kuhusu kaka yake na ajali, akasema, "Nilikuwa naogopa kupoteza watoto. Juzi nilikuwa nampoteza mama yao." Kwa yeye jibu lilikuwa tayari lipo. Lakini tanboi wake ana miaka 26, mke mmoja, mtoto mmoja, na mkewe ana presha vilevile. Kwa huyo ninazo kondomu, na zaidi ya hapo sina kitu. Simfungi. Nitamwambia angoje jeli mpaka lini?

Siku hizi akija mwanamume chumbani simpi dakika mbili. Namuuliza kwanza kama kuna kitu ameshaanza kukitumia. Nimewapata wawili wengine wenye vichupa. Na nimeomba wakuu wetu wa wilaya chemba ya kuhesabia mbegu na komeo la kweli kwenye mlango wa choo. Siku dawa ya wanaume itakapofika Malaba itahitaji vitu hivyo viwili kabla ya hotuba yoyote, na hata leo waliofungwa uzazi wanavihitaji, kwa kuwa nao hawako salama mpaka mbegu zipimwe baada ya miezi mitatu.

Salongo alipima Mei. Kichupa kwapani, gari la Tororo la alfajiri. Maabara waliandika: hakuna mbegu iliyoonekana. Alipofika kwangu nikanakili kwenye faili, nikataka kumrudishia karatasi. Nalongo, aliyekuwa amembeba mtoto, akanyoosha mkono akaichukua yeye. Akaikunja mara mbili, akaitia kwenye mfuko wa nailoni pamoja na kadi ya chanjo, akaufunga kwa fundo.